Kila Mkwaruzo Una Mwenyewe

Mhadhara kwa wasikilizaji wa redio, Tanga

Wenzangu waliniuliza kwa nini nimetaka tuanze saa kumi na moja na nusu jioni, saa ambayo watu ndiyo kwanza wanatoka kazini na uchovu wao. Sababu ipo, nayo iko juu ya vichwa vyetu, kati ya kilomita 60 na 90 angani. Nitaifikia.

Nianze na usiku mmoja nyumbani kwangu Ngamiani. Nilikaa barazani na redio yangu ya betri, natafuta kituo cha India kilichoko Rajkot, kwenye kilohezi 1071. Mtambo ule ulijengwa kwa kilowati 1000, na kutoka hapa ni karibu kilomita 4,600, sehemu kubwa ikiwa ni bahari. Zamani nilikuwa nakipata kila msimu wa kipupwe bila taabu. Usiku ule nilikuwa napata kivuli chake tu, mwanamke anaimba nyuma ya mvumo mzito, kama vile amesimama upande wa pili wa mashine ya kusaga. Nilikwisha kujiambia redio imezeeka. Nilikwisha kujiambia hata masikio yamezeeka. Saa tatu na robo umeme ukakatika mtaa mzima.

Ule mvumo ulikatika kama uzi. Yule mwanamke akawa yuko nami barazani, nasikia mpaka anapovuta pumzi. Nikaanza kuzungusha kitufe polepole. Kiarabu, kisha Kiarabu cha pwani nyingine, Kiajemi, Kihindi. Kule chini kwenye 909 nikakuta mtambo wa Selebi-Phikwe, Botswana, uliokuwa ukirusha matangazo ya Sauti ya Amerika, zaidi ya kilomita 2,200 kusini yetu. Redio ilikuwa ile ile, na masikio ni haya haya. Majirani walikuwa wanalalamika gizani, nami nilikuwa naomba umeme usirudi upesi.

Ulirudi karibu na saa sita, na hapo ndipo nilipopata somo lililonileta mbele yenu leo. Kelele haikurudi yote pamoja. Kwanza ulikuja mvumo mwembamba, nao ukakaa peke yake kidogo. Ukafuatiwa na mkoromo wenye kichwa kwenye 700 na kitu. Zikapita dakika chache kimya, ukazuka mwingine. Baadaye nilitambua kwamba ulitoka kwenye kile kifaa cha kulinda friji, ambacho husubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu upite. Kisha mtu akaamka, akawasha televisheni. Kisha mwingine akachomeka simu. Nilihesabu hadi saba. Kitu nilichokuwa nakiona kama ukuta mmoja kilikuwa umati wa watu, na katika umati kila mtu ana nyumba yake anakotoka.

Hilo ndilo neno langu leo. Msikilizaji wa mbali anayeichukulia kelele kama hali ya hewa, kitu cha kuvumilia tu, ameshashindwa. Kelele ya umeme ina mwenyewe. Inafuatwa, inabishiwa hodi, na mara nyingi inaondoka.

Tuone kwanza kwa nini redio ya AM ndiyo inayoumia. AM hubeba sauti kwa kuupandisha na kuushusha ukubwa wa wimbi. Redio yako hufuata ukubwa huo na kuugeuza kuwa sauti. Sasa cheche yoyote, iwe ya radi, iwe ya brashi ndani ya mota ya blenda, nayo hutoa mawimbi yanayopanda na kushuka. Redio haina namna ya kuuliza hili ni neno au ni cheche. Na tukumbuke kwamba cheche ndiyo redio ya kwanza duniani. Alexander Popov alipoonyesha chombo chake kule St. Petersburg mwezi wa Mei 1895, kilikuwa chombo cha kugundua radi. Marconi alipovusha ishara bahari ya Atlantiki Desemba 1901, mtambo wake ulikuwa wa cheche. Kwa hiyo blenda ya jirani si kitu kigeni kilichovamia redio. Ni mtambo mdogo wa kurushia, wa aina ya kale kabisa, unaotangaza bila kujua.

Mmarekani Edwin Armstrong alihangaika na mikwaruzo hii kwa miaka mingi, akaona dawa ni kuacha kubeba sauti kwa ukubwa wa wimbi na kuibeba kwa kubadilisha kasi ya mtetemo wake. Mwaka 1933 akapata hataza za FM. Na ni kweli, FM haikwaruzi. Vijana huniuliza, basi babu, si usikilize FM? Nawajibu kwamba mawimbi ya FM hufika upeo wa macho na kupita kidogo, yakaishia hapo. Hayatanipeleka Rajkot.

Mawimbi ya AM ya masafa ya kati ndiyo yanayopelekwa, tena usiku. Hapa ndipo ilipo sababu ya saa yetu. Mchana jua hupiga hewa ya juu na kuzalisha tabaka lenye chembe za umeme, kati ya kilomita 60 na 90 juu, na tabaka hilo hunywa mawimbi ya kati kama mchanga unavyokunywa maji. Jua likizama, tabaka lile hufifia upesi. Mawimbi hupita, hufika matabaka ya juu zaidi, na huko hurudishwa chini mbali sana. Desemba 1924 Edward Appleton na mwenzake Miles Barnett walilithibitisha tabaka linalorudisha mawimbi kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, wao wakiwa na chombo chao Oxford. Appleton alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Sasa hivi tunavyozungumza, jua linashuka upande wa Usambara, na mlango unafunguka.

Lakini mlango ukifunguka hauchagui wa kuingia. Radi nayo huingia.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua kwamba mchana mawingu hujengeka nchi kavu, na usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya ziwa kutoka kila upande, tufani zikapigana huko mpaka alfajiri. Mbele ya ziwa iko Kongo. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilipa Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa radi, na Kabare, mashariki ya Kongo, nafasi ya kwanza Afrika. Kila mmweko wa huko hufika hapa usiku kwa mlango ule ule unaoleta muziki. Ndiyo ile mnayosikia, kraa, kisha kimya, kisha kraa-kraa. Haina mpangilio. Mkisikia mkwaruzo usio na mpangilio, unaokuja na kuondoka kama mtu anayechana vitambaa, huo ni wa mbingu, msimlaumu mtu.

Na hata huo una dawa kidogo. Kwanza msimu: kipupwe, Juni hadi Agosti, radi za kwetu zimelala. Pili mwelekeo. Ndani ya redio ndogo mna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya. Hicho ndicho antena yake ya AM, ule mti mrefu wa chuma unaovutwa nje hauna kazi hapa. Kijiti hicho ni kiziwi kwenye ncha zake. Nikizielekeza ncha kaskazini-magharibi, upande wa ziwa, radi hupungua nguvu, na Rajkot, iliyo kaskazini-mashariki, inabaki karibu ubavuni mwa kijiti, mahali kinaposikia vizuri. Niligundua hili kwa kugeuza redio mapajani nikiwa nimefumba macho. Jaribuni hivyo hivyo, macho hupotosha.

Kuna mtu mmoja aliyeisikiliza kelele kuliko sisi sote, naye ningependa kila fundi redio alijue jina lake. Karl Jansky alikuwa kijana aliyeajiriwa na maabara za Bell, Marekani. Simu za redio kati ya Marekani na Ulaya zilikuwa zinakwaruza, akaambiwa atafute chanzo. Akajenga antena kubwa juu ya magurudumu ya gari la Ford, kule Holmdel, New Jersey, akawa anaizungusha na kuandika anachosikia. Aliigawa kelele yake mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na mshindo mwembamba usiokoma ambao hakujua ni wa nini. Mtu mwingine angeandika kwamba mafungu mawili yanatosha. Yeye alikaa na lile la tatu. Mwanzo alidhani ni jua, kisha akaona kwamba linafikia kilele kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ni mwendo wa nyota na si wa jua. Mwaka 1933 akatangaza kwamba linatoka katikati ya Njia ya Maziwa. Elimu yote ya kusikiliza nyota kwa redio ilianzia kwa mtu aliyetumwa kutafuta mkwaruzo.

Basi tuigawe ya kwetu.

Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kila mgeuko una vilele viwili. Kitu kinachotoa cheche kwenye vilele hutoa mvumo wa mara 100 kwa sekunde: zzzz mnene, wa kukereketa. Nyumbani mshukiwa wa kwanza ni swichi ya kupunguzia mwanga au ile ya kielektroniki ya kupunguzia kasi ya pangaboi. Nje ni nguzo. Hapa pwani chumvi ya bahari hukaa juu ya vikombe vya kaure vinavyoshika nyaya; ukija umande au manyunyu, chumvi ile hulowa na umeme huanza kutambaa juu yake kwa cheche ndogo. Mvua kubwa ikinyesha inaviosha, mnapata wiki za utulivu. Kuna nguzo nyingine zenye ugonjwa wa kinyume, skurubu au chuma kimelegea, kinatoa cheche wakati wa kiangazi na upepo, mvua ikinyesha kinanyamaza. Kwa hiyo msikilizaji aandike kelele yake pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo. Daftari la kurasa 40 linatosha. Daftari langu ndilo lililonionyesha kwamba mvumo wa nguzo moja karibu nami ulikuwa unakuja na upepo wa kusi.

Na hapa naomba nisimame niseme kwa uzito. Msipige nguzo kwa nyundo. Msiitikise, msiparamie, msivute waya wa kuishikilia. Wapo wanaofanya hivyo wapate kusikia kama kelele itabadilika. Umeme wa juu unaua. Chukueni namba iliyobandikwa kwenye nguzo, andikeni saa na hali ya hewa, mpeleke kwa wenye nguzo.

Fungu kubwa siku hizi ni jingine. Chaja ya simu, taa ya LED, televisheni bapa, king'amuzi, vyote vina ndani yake swichi ndogo inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha. Chaja nyingi za kompyuta za mkononi hukata kwa kilohezi 65 hivi. Ukataji huo huzaa wana: 130, 195, 260, na kuendelea mpaka juu. 65 mara tisa ni 585, na 585 ni moja ya nafasi rasmi za vituo katika mpango wa Geneva wa 1975, uliopanga masafa ya kati yetu kwa hatua za kilohezi 9. 65 mara kumi na nane ni 1170, nafasi nyingine rasmi. Kati yao mnasikia mkoromo unaoibuka na kuzama kila kilohezi 65 mnapozungusha kitufe. Umbali huo kati ya mkoromo na mkoromo ni kama alama ya kidole. Mkiupima mnajua mnatafuta chombo kimoja, hata kama kinasikika mahali kumi. Tena mkoromo wa chaja hutembea: simu ikijaa, chaja inapumzika na mkoromo unahama. Ukiona kelele inayoteleza kidogo kidogo kwenye kipimo, tafuta kitu kinachochajiwa.

Sola imeleta jambo lake. Wenzangu wa vijijini, ambao zamani tuliwaonea wivu kwa utulivu wao, sasa wana kidhibiti chaji kilichounganishwa na nyaya ndefu zinazopanda paani, na nyaya hizo ni antena tosha. Nafuu ni kwamba jua likizama paneli haina kitu cha kutoa, na vidhibiti vingi hupumzika saa ile ile vituo vya mbali vinapoingia. Wanabaki na kibadilishi cha umeme na taa. Uzio wa umeme wa ng'ombe mtautambua hata mkiwa usingizini: tak, sekunde moja, tak. Ukipiga tak kwa nguvu mpaka redioni kwako, jani au waya uliokatika unagusa mahali, na mwenye ng'ombe atakushukuru ukimwambia, kwa sababu uzio wake haufanyi kazi yake.

Kutafuta kunaanzia kwako. Hili ni gumu kukubali. Wasikilizaji wengi niliowasaidia walikuja wakimshitaki jirani, na mara nyingi tulikikuta chanzo ndani ya nyumba ya mshitaki. Washa redio ya betri kwenye kituo dhaifu, mwambie mtu azime swichi kuu. Kelele ikifa, ni yako. Washa tena, chomoa kitu kimoja kimoja, na usisahau vile visivyoonekana: chaja iliyoachwa ukutani bila simu, king'amuzi kilichozimwa kwa rimoti tu, taa ya dharura inayojichaji nyuma ya kabati. Kwangu mimi, kati ya wale saba wa usiku ule, watatu walikuwa chini ya paa langu.

Kelele isipokufa, vaa viatu. Usifuate mahali inaposikika kwa nguvu, maana nyaya za umeme huibeba na kuimwaga njiani, itakuzungusha mtaa mzima. Fuata ukiziwi. Geuza redio mpaka kelele ipungue kabisa. Ncha za kijiti zinaonyesha mstari wa chanzo. Chora mstari huo kwenye karatasi. Nenda mahali pengine, chora wa pili. Inapokatana, ndipo pa kuelekea. Ukikaribia, panda masafa ya juu kwenye kipimo, kwa sababu huko kelele haifiki mbali na nyumba yake, na duara la washukiwa linabana.

Mkoromo mmoja kwangu ulianza kila siku saa kumi alfajiri, saa nzuri kuliko zote za kusikiliza kabla jua halijatoka. Mistari yangu ilikatana kwenye uwanja wa mama mmoja anayepika maandazi. Nilikwenda asubuhi alipokwisha kuuza.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Kulikoni mapema hivi?"

"Nimefuata kelele, imenileta kwako."

Akanitazama. "Kelele gani, fundi? Watoto wangu bado wamelala."

Nikampa redio aishike mwenyewe, nikamwomba azime taa iliyo juu ya jiko. Akazima. Redio ikatulia, mtu anazungumza Kiarabu. Akawasha, ikakoroma. Akarudia mara nne, kila mara anaitazama taa kama kwamba imemficha jambo. Akasema, "Mimi nasikiliza FM tu. Haya sijapata kuyasikia." Nilikuwa nimekuja na taa niliyoijaribu. Tukaiweka. Nilipotaka kuondoka na ile ya zamani akaniambia, "Usiitupe fundi, niachie nikaiweke chooni." Ilinibidi nikae tena nimweleze kwamba kelele ingehamia chooni. Alicheka, akanipa ile taa na maandazi mawili. Siku hizi akinunua taa mpya ananiletea niisikilize kwanza.

Nyumbani niliifungua. Kwenye bamba lake palikuwa na nafasi iliyochorwa ya koili ndogo na nafasi ya kondensa, vitu viwili vinavyozuia kelele isirudi kwenye waya wa nyumba. Kondensa haikuwapo. Mahali pa koili palichomelewa kipande cha waya mtupu. Aliyeichora taa ile alijua wajibu wake, na aliyeitengeneza aliupunguza ili auze nafuu. Nimezifungua nyingi, na nyingi ziko hivyo. Mataifa yalikaa pamoja kuunda kamati ya kimataifa ya kuzuia mikwaruzo ya redio, CISPR, mwaka 1934. Viwango vipo, na vinajulikana kwa kila mchora taa. Sisi tunaweza kufanya jambo dogo dukani. Muuzaji hukujaribishia taa kabla hujalipa, anaichomeka iwake uone. Toa redio mfukoni, iweke AM mahali pasipo kituo, isogeze karibu na taa. Ikikoroma, irudishe na umwambie sababu. Muuzaji akisikia sababu hiyo kwa wateja kumi, ataibeba mpaka kwa anayemletea mzigo.

Si kila mlango hufunguka kama wa mama maandazi. Ofisi moja, sitaitaja, nilikwenda mara tatu na barua kuhusu mtambo wao wa kuchaji betri. Nikaambiwa AM imekufa, hakuna anayeisikiliza. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma mpaka leo. Wazee waliopo hapa wanakumbuka Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza 1951, wanakumbuka Cairo ilipoanza kusema Kiswahili mwaka 1954, na namna barazani watu walivyomwambia mtoto anyamaze ili maneno yapite katikati ya mikwaruzo. Kule Marekani, mwaka 2023, wabunge walipeleka muswada wa kuwalazimisha watengenezaji wa magari wabakize AM, baada ya baadhi yao kuiondoa katika magari ya umeme kwa sababu mota zake zinaikwaruza. Kitu kilichokufa hakitungiwi sheria ya kukilinda.

Ikiwa chanzo hakiondoki, kuna mambo ya kufanya upande wako. La kwanza halina gharama: sogea. Chanzo kidogo kilicho karibu hudhoofika upesi sana. Ukiongeza umbali maradufu, nguvu ya sumaku yake inabaki kama sehemu moja ya nane. Redio iliyo kwenye meza ya televisheni ipeleke barazani. Kisha kuna pingili nyeusi za feraiti kama ile iliyo kwenye waya wa kompyuta. Watu huibana mara moja kwenye waya wa chaja, hawaoni tofauti, wanasema ni uongo. Kwa masafa ya kati kupitisha mara moja hakutoshi. Kizuizi huongezeka kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo waya uliopita mara 10 unazuia kama mara 100 ya uliopita mara moja. Tafuta pingili yenye tundu kubwa, zungusha mpaka nafasi iishe.

Na jengeni fremu. Mbao mbili zenye umbo la msalaba, upande wa mraba sentimita 60, waya wa kawaida mizunguko 12, na kondensa ya kuzungusha iliyotolewa kwenye redio mbovu ya zamani. Haiunganishwi na redio kwa waya wowote. Weka redio karibu nayo, zungusha kondensa mpaka kituo kivimbe ghafla, kisha geuza fremu yote mpaka kelele izame. Ya kwangu ile pale mezani. Nimeibeba mara nyingi mpaka Raskazone usiku, nikakaa kwenye majabali mbali na nyaya, maji ya chumvi mbele yangu yakipitisha mawimbi kuliko ardhi yoyote, na huko nimesikia vituo ambavyo mtaani ningeapa havipo.

Saa moja imegonga na nje kumeshaingia giza. Mezani kuna redio nne za betri, zote ziko kwenye 1071, na mnasikia wenyewe jinsi zinavyokoroma; kabla hamjaja nilipita nazo humu ukumbini nikahesabu aina tano. Vijana wa nyuma, njooni mchukue kila mmoja yake, mkae pembe nne za ukumbi. Nimekwisha kuzungumza na msimamizi wetu, naye amesimama pale penye swichi kuu. Wazee, msishtuke, ni dakika chache tu. Bwana, tafadhali zima.